Maji Huganda, Saruji Huganda

Masika yaliyopita nilikwenda kumtembelea shemeji yangu anayejenga nje kidogo ya mji wa Tanga. Nilimkuta fundi amechuchumaa barazani, nyundo mkononi, mbele yake mfuko wa saruji uliochanwa ubavuni. Mfuko ule ulikuwa umelazwa sakafuni bila ubao, umeegemea ukuta unaovuja, na wote ulikuwa umeganda ukawa jiwe lenye umbo la mfuko. Hata mikunjo ya karatasi ilikuwa imejichora juu yake. Fundi alikuwa anavunja mabonge, anayatwanga, kisha anayapitisha kwenye chekeche la mchanga. Unga uliodondoka chini ulikuwa laini na wa kijivu, huwezi kuutofautisha na wa dukani.

"Hii tunaiokoa, mwalimu," akaniambia. "Tutaipeleka kwenye plasta."

Jioni ile ile, jikoni, mama alikuwa naye anaponda bonge kwa mchi. Chumvi yake ilikuwa imeganda kwa unyevu. Akaiponda, akatia kijiko kwenye mchuzi wa samaki, akaonja, akafunika chungu. Mchuzi ulikolea.

Watu wawili wanafanya kazi moja: kuponda kitu kilichogandishwa na unyevu. Mama alikuwa sahihi. Fundi alikuwa anaharibu nyumba ya shemeji yangu. Kinachowatenganisha ni somo ambalo watoto wetu hukutana nalo mapema kabisa katika Kemia, wakalikariri, wakalifanyia mtihani, kisha wakaliacha darasani: tofauti kati ya mabadiliko ya kiumbo na mabadiliko ya kikemikali. Nimelifundisha kwa miaka mingi na naona tunalifundisha kama orodha ya kukariri, wakati ni jambo la kuamulia mambo. Nawaandikia wazazi wanaowasaidia watoto kazi za shule, na yeyote anayejenga, anayepika au anayetunza ghala.

Katika mabadiliko ya kiumbo, kitu hubadilika sura, ukubwa au hali, lakini dutu yenyewe inabaki ile ile. Katika mabadiliko ya kikemikali, dutu ya mwanzo inatoweka na nyingine inachukua nafasi yake. Chumvi ya mama ilivuta unyevu, chembe zake zikamumunyuka kidogo kwa juu, maji yalipokauka zikashikana. Ndani ya bonge lile kulikuwa na chumvi tupu. Saruji ya shemeji haikushikana tu. Iliungana na maji, ikajenga fuwele ngumu ambazo hazikuwemo mfukoni ilipotoka kiwandani. Ukiliponda jiwe lile unapata vumbi la jiwe. Nguvu ya kushika imeshatumika, palepale ukutani, bila kushika kitu.

Lugha yetu, kwa utamu wake wote, inatuficha hapa. Sikiliza neno kuganda. Maji yanaganda kwenye friji, na ukiyatoa yanarudi maji: hayo ni ya kiumbo. Maziwa yanaganda kwenye kibuyu: vijidudu vimekula sukari ya maziwa vikatoa asidi, asidi ikayafanya maziwa yashikane, na huwezi kuyarudisha kwa kuyaanika wala kuyapoza. Hayo ni ya kikemikali. Damu inaganda kwenye kidonda: kikemikali. Mafuta ya nazi yanaganda: kiumbo. Saruji inaganda: kikemikali. Neno ni hilo hilo moja, na mtoto anayelisikia tangu utotoni ana haki ya kudhani ni jambo moja.

Kuyeyuka nako kuna shida yake. Barafu inayeyuka, samli inayeyuka, na sukari nayo tunasema inayeyuka kwenye chai, ingawa vitabu vya shule vinataka tuseme inamumunyuka. Kwa bahati nzuri yote haya ni ya kiumbo, kwa hiyo mkanganyiko wake hauna madhara makubwa. Lakini mwambie mtoto atazame sukari inayotengenezewa kashata. Kwanza inalainika na kuwa maji mazito meupe, kisha inaanza kuwa ya dhahabu, kisha kahawia, harufu inabadilika, na ukizubaa inakuwa chungu na nyeusi. Pale rangi ya dhahabu inapoingia, sukari imeanza kuvunjika na kuwa vitu vingine. Muuza kashata hujua dakika ile kwa pua, na sisi bado tunasema "sukari imeyeyuka".

Lakini neno linalotugharimu zaidi ni kukauka. Khanga inakauka kambani: maji yameondoka, nguo imebaki. Rangi ya kucha inakauka: kiyeyusho kimeruka, na ukipaka dawa ya kufutia inalainika tena, ushahidi kwamba haikubadilika kuwa kitu kingine. Rangi ya mafuta kwenye mlango inakauka, na hapa mambo yamegeuka, kwa sababu mafuta yale yanaungana na oksijeni ya hewa na kuwa ngozi ngumu. Ndiyo maana brashi uliyoisahau wiki mbili hairudi hata ukiiloweka kwenye tapentaini. Kisha fundi anakuambia zege limekauka.

Zege halikauki ili liwe gumu. Saruji hushika hata chini ya maji. Nguzo za madaraja na kuta za visima zisingesimama kama ukavu ndio ungekuwa siri yake. Saruji inahitaji maji kwa siku nyingi, kwa sababu inaendelea kuungana nayo polepole, na yakiisha mapema kazi inakatika njiani. Jua la Tanga linaweza kulifanya tofali lionekane gumu kwa siku moja, nalo ndani ni dhaifu. Ukilikwangua kwa ukucha linatoa mchanga. Mwagilia tofali, zege na plasta kwa siku zisizopungua 7, asubuhi na jioni, na mchana ukiweza, au funika kwa magunia yaliyoloa. Wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28, na hawakuichagua siku hiyo kwa bahati nasibu. Ukinunua tofali zilizofyatuliwa jana na kuanikwa juani kama dagaa, umenunua mchanga uliopewa umbo. Wakati mmoja nilinunua tofali za namna hiyo kwa ajili ya uzio wangu, na zilianza kumomonyoka kwa mvua ya kwanza. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu muuzaji hakukusudia kunidanganya. Aliamini kabisa kwamba tofali kavu ndilo tofali lililokomaa.

Tukirudi kwenye mfuko ulioganda, lipo jambo moja la kumtetea fundi. Si kila bonge ni bovu. Mifuko iliyo chini kabisa ya lundo hubanwa na uzito wa mingine, na saruji yake hushikana kwa mgandamizo tu. Hayo ni ya kiumbo. Uviringishe mfuko sakafuni mara chache na utasikia umelainika. Chukua bonge uliminye kwa vidole viwili: likisagika na kuwa unga, saruji yako ipo. Likikataa ukahitaji nyundo, maji yameshaingia. Kabla ya yote, panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na usinunue leo ya kutumia baada ya masika.

Sasa kuhusu vitabu. Karibu kila kitabu cha shule kina orodha ya dalili za mabadiliko ya kikemikali: rangi inabadilika, gesi inatoka, joto linatoka au linamezwa, kitu kigumu kinajitenga ndani ya kimiminika, na hakirudi kilivyokuwa. Orodha si uongo. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini kila mwenye shamba ameshaona mawingu yakipita. Chuma cha mhunzi kinakuwa chekundu motoni, kikipoa rangi inaondoka: kiumbo. Soda inatoa mapovu unapofungua chupa kwa sababu gesi iliyosindikwa ndani inatoroka. Magadi soda yakidondoshewa ndimu yanatoa mapovu kwa sababu gesi inazaliwa hapo hapo. Mapovu yanafanana, kisa si kimoja. Spiriti ikipakwa mkononi inaleta baridi kwa kuruka tu, hakuna kilichogeuka.

Dalili ya mwisho, ile ya kurudi na kutorudi, ndiyo inayowapotosha watoto wengi, na naomba walimu wenzangu tuache kuifanya kipimo kikuu. Mahindi yaliyosagwa hayarudi kuwa punje, lakini unga ni mahindi yale yale. Kwa upande wa pili kuna mrututu, ile dawa ya buluu wanayoijua wakulima. Ukiupasha moto kwenye kijiko kikuukuu kisichotumika tena kwa chakula, buluu inatoweka na unabaki unga mweupe, kwa sababu maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya fuwele zake yameondoka. Dondosha tone la maji, buluu inarudi mbele ya macho yako, na kijiko kinapata joto. Ni badiliko la kikemikali lililokwenda na kurudi. (Mrututu ni sumu, weka mbali na watoto na unawe mikono.)

Mfano mkubwa zaidi wa kwenda na kurudi umesimama pwani yetu kwa mamia ya miaka. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na za nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe yaliyochomwa. Tufuate hesabu yake, kwa sababu hesabu ndiyo ushahidi ninaoupenda kuliko dalili zote. Chukua kilo 100 za jiwe la chokaa safi kabisa, ulichome kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi. Kilo 44 zinaondoka hewani kama kaboni dayoksaidi, huzioni. Unabaki na kilo 56 za mawe mepesi yanayofanana na ya mwanzo. Mwagia maji: mawe yanachemka, yanapasuka, yanatoa mvuke, yanakuwa unga laini baada ya kumeza kilo 18 za maji. Sasa una kilo 74. (Usisimame karibu na macho wazi.) Unga huo ukorogwe upakwe ukutani, na polepole utavuta kutoka hewani kilo 44 za kaboni dayoksaidi na kuachia kilo 18 za maji. Sabini na nne, ongeza arobaini na nne, toa kumi na nane. Umerudi kwenye 100, na ukutani una jiwe lile lile lililoingia tanurini.

Katika safari hiyo jiwe limekufa na kufufuka, na kila hatua ilikuwa ya kikemikali. Anayepima kwa "halirudi" angesema hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo ukitaka kipimo kimoja cha kubaki nacho, jiulize: kile kilichokuwepo, bado kipo? Kisha kitafute. Chumvi imepotea ndani ya maji? Acha maji yakauke kwenye sahani juani, kama wanavyofanya wenye mashamba ya chumvi huko Bagamoyo, na utaikuta imekaa chini. Ilikuwepo muda wote. Karatasi imeungua? Tafuta karatasi kwenye majivu kwa njia yoyote uijuayo. Haipo. Kama kukausha, kupoza, kuchuja au kuchekecha kunaweza kukurudishia kitu chako, hakikuwa kimeondoka.

Kuna jaribio moja ninalowapa wanafunzi walifanye nyumbani, la bei ndogo, na linaonyesha kitu ambacho macho peke yake hayawezi kuona. Chukua kipande cha stilwaya mpya ya kusugulia masufuria. Kiloweke kwenye siki dakika chache kiondoke mafuta, kikung'ute, ukisukume kikiwa kimeloa hadi kwenye kitako cha glasi ili kijishike humo. Geuza glasi kifudifudi ndani ya sahani yenye maji, uweke alama ya kiwango cha maji kwa kalamu, kisha iache siku mbili au tatu. Mtoto ataona stilwaya imekuwa na rangi ya udongo mwekundu. Mwambie asitazame hiyo, atazame maji. Yamepanda ndani ya glasi, na yakipewa muda wa kutosha hufika karibu moja ya tano ya nafasi iliyokuwa na hewa. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, na sehemu hiyo imetoka hewani ikaingia kwenye chuma. Kutu ni chuma na oksijeni kwa pamoja, ikiwa na maji ndani yake, na kwa hiyo ni nzito kuliko chuma kilichoizaa. Mwaka 1772 huko Paris, Antoine Lavoisier alishangaa kuona salfa na fosforasi zikiungua zinaongezeka uzito badala ya kupungua, na mizani yake ikaanza kubadilisha mawazo ya Ulaya juu ya moto. Mtoto wako anaweza kufika karibu na mshangao huo kwa glasi na sahani.

Jikoni kipimo hiki kinaokoa afya na fedha. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo chupa iliyonunuliwa Pemba ikifika Njombe inakuwa nyeupe kama samli. Nimeona watu wakiyamwaga wakidhani yamechakachuliwa. Yaweke juani, yatakuwa maji tena. Mafuta ya kukaangia chipsi ni kesi nyingine kabisa. Baada ya kukaangiwa siku kadhaa yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu na kufuka moshi mapema, na muuzaji anayachuja kwa kitambaa ili "yawe safi". Kitambaa kinatoa makombo, basi. Joto, hewa na maji ya viazi vimeshavunja mafuta na kujenga vitu vingine ndani yake, na hakuna kitambaa kinachochuja hivyo. Tatizo la kiumbo lina tiba ya kiumbo. Tatizo la kikemikali halisikii chujio wala nyundo.

Dawa za kabatini zinafuata kanuni hiyo hiyo. Kidonge kilichovunjika vipande viwili bado ni dawa. Vidonge vya aspirini vikitoa harufu ya siki ukifungua kopo, unyevu umeshaigeuza dawa, na harufu ile ni asidi iliyozaliwa humo. Vitupe. Na usichanganye kamwe Jik na siki wala na dawa ya choo yenye asidi ukidhani vikali viwili vitasafisha mara mbili. Hapo huchanganyi tu. Unazalisha gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu.

Kuna mahali mpaka hauonekani vizuri, na ni haki mtoto aambiwe. Mshumaa unafanya yote mawili kwa wakati mmoja: nta inayeyuka na kuwa mvuke, hayo ni ya kiumbo, kisha mvuke unaungua, hayo ni ya kikemikali. Michael Faraday aliwapa watoto wa London mihadhara mizima juu ya mshumaa mmoja pale Royal Institution, Krismasi ya mwaka 1860, na hakumaliza cha kusema. Zima mshumaa, na kabla ule moshi mweupe haujapotea sogeza njiti ya kibiriti inayowaka ndani yake. Moto utaruka kurudi kwenye utambi, kwa sababu moshi ule ni nta ambayo bado ni nta.

Ugali nao unasumbua. Wanga unavimba kwa maji na joto, haurudi kuwa unga, lakini ukidondosha iodini bado unageuka buluu-nyeusi kama wanga wowote. Kwa hiyo wengi wetu tunauhesabu kuwa wa kiumbo. Ukoko ulioshika chini ya sufuria, ule wa kahawia wanaougombania watoto, ni wa kikemikali bila ubishi. Na chumvi kumumunyuka kwenye maji, wapo wanakemia wanaobishana juu yake kwa sababu chembe zake zinatengana kabisa. Kwenye mtihani andika kiumbo, ueleze kwamba chumvi inapatikana tena maji yakikauka. Maelezo hayo ndiyo mwalimu makini anayotafuta.

Usiku ule nilikaa na fundi na bakuli mbili. Katika moja tulikoroga unga wake aliouchekecha, katika nyingine saruji ya mfuko mpya, mchanga sawa, maji sawa. Hatukubishana. Tuliziacha barazani chini ya gunia lililoloa, na siku ya tatu shemeji akanipigia simu. Fundi alikuwa amezigeuza bakuli zote mbili mbele yake. Ya saruji mpya ilitoa kidonge kigumu kilicholia kama chungu kilipogongwa. Ya pili ilimwagika mkononi kama mchanga wenye majimaji. Mabonge yaliyobaki yamefukia shimo la njia ya kuingilia uani, na sasa tofali za chumba cha nyuma zinamwagiliwa na mpwa wangu kwa kopo, asubuhi kabla ya shule na jioni akirudi.